Karani Aliyegawa Kijiji cha Mama Yake

Jina analo, na mimi nalijua, lakini sitaliandika hapa. Katika kambi ya jeshi ya Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, hakuna aliyelitumia. Wajane walimwita Tata Karani, yaani Baba Karani. Askari walimwita Karani tu. Wakubwa waliotumwa kutoka mji mkuu, ambao kila mmoja alikaa miaka miwili kisha akaondoka na mapazia ya ofisi, walimwita "yule mzee", hata siku zile ambapo hakuwa na mvi hata moja. Nilifanya kazi naye chumba kimoja miaka kumi na saba, yeye kwenye meza ya mafaili, mimi kwenye mashine ya kuandika. Nikisema nilimjua, najua kwa kiasi hicho.

Namwandika kwa sababu ya wanawake kumi na mmoja ambao karibuni hivi walikuwa watolewe katika nyumba zao, na aliyetaka kuwatoa hakuwa mtu, ilikuwa kompyuta. Karani alihusika. Mimi pia nilihusika, msidhani nimekuja hapa kumsema mwenzangu na kujificha nyuma yake.

Kazi yake ilikuwa moja. Askari akifa, mke wake alikuwa na haki ya kubaki katika nyumba ya kambi, kutibiwa katika zahanati ya kambi, na kupata kile ambacho serikali ilikumbuka kumletea. Haki hiyo yote ilikaa ndani ya faili, na faili lilikaa kwenye rafu nyuma ya kiti cha Karani. Faili likipotea, mama anafungasha. Karani alilijua hilo kuliko sisi wote, ndiyo maana alikuwa mkali kupita kiasi. Alificha mhuri ndani ya soksi. Karatasi ya kaboni iliyochoka aliianika juani dirishani ili wino uamke, kisha akanirudishia, na ole wangu niseme haiandiki.

Kila Januari wajane walipaswa kuja kuthibitisha kwamba bado wako hai. Katika ofisi nyingine mtu alitia sahihi akaenda zake. Kwa Karani haikuwa hivyo. Yeye alisoma jina la marehemu kwa sauti, na mjane, akiwa amesimama mlangoni, alipaswa kujibu "Niko." Hakukubali mtoto atumwe. Hakukubali kutikisa kichwa. Siku moja mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa anauza mikate ya kukaanga, alimwambia, "Tata Karani, unaniona na macho, mi hapa, nasema nini tena?"

"Macho haiandikaka kitu," alijibu bila kuinua uso. "Sema."

"Niko."

"Njo vile. Mwaka jana ulichelewa, nilikuwa karibu kukuzika mu kitabu."

Lakini mjane akiwa mgonjwa, Karani alichukua faili kwapani, akavuka kambi nzima kwa miguu, akasimama mlangoni kwake, akasoma jina la mumewe, akasubiri mpaka sauti itoke kitandani. Nilimsindikiza mara nyingi. Mama mmoja alichukua muda mrefu sana kujibu, mpaka mimi nikaanza kulia. Karani alisubiri tu, kofia mkononi. Alipojibu, Karani aliandika, akamwambia apone haraka kwa sababu yeye hana nguvu za kutembea kila mwaka.

Jina la aliyekufa aliliandika akiwa amesimama. Nilimuuliza kwa nini, akasema mgongo unamuuma akikaa. Uongo huo sikuuamini hata siku moja.

Mchana alicheza dama peke yake. Alitumia vizibo vya chupa, vya bia upande mmoja, vya soda upande wa pili, na aligeuza ubao kila alipocheza ili asipendelee. Kichekesho ni kwamba alikasirika kweli akishindwa. Nilimwambia, "Lakini Tata, aliyekushinda ni wewe mwenyewe." Akasema, "Yule wa soda ni mwizi." Sikumwona akimkaribisha mtu kucheza naye, hata mimi. Nilidhani ni kiburi. Siku hizi mimi mwenyewe naishi peke yangu, watoto wako Lubumbashi, na naelewa kwamba mtu akizoea upweke anakuwa na adabu zake ambazo mgeni anazivuruga.

Jambo jingine lililofanya watu wamchukie kidogo: hakutumia kitu cha ofisi kwa ajili ya nyumba yake. Si kidogo, si mara moja. Mkewe alikuwa msaidizi wa wauguzi katika zahanati ya kambi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Asubuhi moja alipita kuomba karatasi moja, moja tu, mtoto wao aende nayo shuleni kwa mtihani. Rafu ilikuwa imejaa karatasi. Karani aliinuka, akatoka, akaenda kununua karatasi kibandani, akarudi nayo huku anatoka jasho. Mkewe aliipokea, akanitazama mimi, akasema, "Mama, unaona mutu mwenye niliolewa naye?" Tukacheka sote wawili. Yeye hakucheka. "Kitu ya serikali haiingiaka mu nyumba yangu," alisema, akarudi kwenye mafaili yake.

Mkewe alikuwa mtu wa asili ya Kasai, jimbo la mbali kaskazini. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, babu yake aliletwa kuchimba shaba, na Kasai kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Siku zile hilo halikuwa jambo la kutaja, ni kama kusema mtu ni mrefu. Kisha likawa jambo la kutaja kila mahali.

Sitaeleza siasa. Kampuni ya migodi ilikuwa inakufa, mishahara haikuja, na watu wenye njaa waliambiwa adui ni jirani yao wa asili ya Kasai. Wakaamini. Usiku mmoja nyumba ng'ambo ya barabara yetu zilikuwa na taa, usiku wa pili hazina. Watu walijazana kwenye uwanja wa shule, kisha kituoni, wakilala na magodoro yao wakisubiri treni ambazo haikujulikana zitakuja lini. Watoto walikufa pale kituoni. Nilipita nikaona. Mimi ni mtu wa hapa, hakuna aliyenigusa, na mimi sikumgusa mtu, na nilikaa miaka mingi nikijivunia hilo kama vile ni kitu.

Nilinunua kitanda. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa anauza kila kitu kabla ya kwenda kituoni, akataja bei ya kuku, nikampa. Kitanda cha mninga, kizuri. Karani aliposikia, hakunisalimia majuma mawili. Siku alipozungumza nami tena aliuliza kitu kimoja: "Unalala muzuri?" Nilitamani anitukane.

Katika siku hizo hizo ililetwa barua fupi ofisini, haina jina la mtumaji, ikitaka orodha ya wajane wote wa kambi pamoja na asili ya kila mmoja. Ndani ya kila faili, ukurasa wa kwanza, kulikuwa na mstari: kijiji cha asili. Karani aliisoma barua akiwa amekaa. Akaiweka chini ya kisanduku cha dama. Kisha akaniuliza kama utepe wa mashine yangu bado una wino.

Tulifunga mlango siku tatu, tukisema tunapanga mafaili. Alichomoa kurasa za kwanza za wajane wote wa asili ya Kasai, ishirini na kitu, mimi nikazipiga upya kwenye mashine. Yeye alitamka, mimi nikaandika. Kila mmoja alipewa kijiji kipya upande wa Mutshatsha, kwa wenyeji wa huku, na vijiji hivyo vilikuwa vitatu tu, kwa sababu Karani alikataa kutaja kijiji asichokijua. Kimoja kilikuwa cha mama yake mzazi. Alitia sahihi kila ukurasa, akatoa mhuri kwenye soksi, akapiga. Mimi niliharibu karatasi nne, na kwa mara ya kwanza hakunigombeza.

Kisha akawaita wajane mmoja mmoja, akawafundisha. Hapo ndipo utajua alikuwa mtu wa namna gani. Mwingine angewaambia jina la kijiji, basi. Yeye aliwafundisha mto unaitwaje, chifu alikufa lini na nani alikalia kiti, shule ya misheni iko upande gani wa barabara, ugali wa kule unachanganywa nini. Aliwauliza ghafla, kama polisi, na aliyekosea alirudia tangu mwanzo. "Mama ya mama yako alizikwa wapi?" "Samukonda, Tata." "Upande gani ya muto?" "Ng'ambo." "Ng'ambo ya nani?" Mama wa watu anaanza upya. Wengine walilia, si kwa hofu, kwa aibu ya kumkana mtu aliyewazaa.

Mmoja alikataa. Yule yule wa mikate, mcheshi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tata Karani, aksanti. Lakini baba yangu alizikwa kule. Nikisema alizikwa kwenu, yeye atabakia na nani?" Akapanda treni na watoto watatu. Kila Januari baada ya hapo Karani alisoma jina la mumewe, akatazama mlango, akasubiri kama kawaida. Hakuandika "amekufa". Aliandika "hakujibu". Miaka yote ile, hakujibu, hakujibu, chini ya ukurasa mpaka nafasi ikaisha na ikabidi nimwongezee karatasi.

Mkewe alikuja siku ya pili ya kazi ile. Alijua, bila shaka. Nyumba moja haifichani. Alisimama pale wanaposimama wajane. Mimi nilikuwepo, sikuweza kutoka bila kupita mbele yake.

"Na mi?" alisema. "Niandike na mi, tata batoto. Karatasi moja."

"Weye uko bibi yangu. Mi ni mutu wa hapa. Nani atakugusa?"

"Banatugusa wote. Hauoni?"

"Hawa hawana bwana," Karani alisema, akionyesha mafaili. "Weye uko na bwana."

Alisema na lile neno lake, kwamba kitu cha serikali hakiingii katika nyumba yake. Niliingiza karatasi nyingine kwenye mashine. Mwanamke yule alingoja kidogo, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaondoka bila hasira, na hilo la bila hasira ndilo lililonitisha.

Kabla ya juma kwisha vijana walikuja mtaani kwao, mchana, wakimwita mwanamke kwa jina. Karani alisimama mlangoni akawaambia ni mkewe. Wakamwambia abaki yeye, mwanamke aende. Alikwenda, na watoto wawili. Karani alibeba godoro kichwani mpaka kituoni, akalala nao pale usiku mbili, treni ikaja. Alimwambia juma moja, mambo yatapoa, utarudi. Barua moja ilikuja kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Haikuja nyingine.

Nilimuuliza, baada ya mwaka, kwa nini hakumfuata. Nilimuuliza kwa jeuri, nakiri. Alinyanyua macho kwenye dama. "Nikienda, bataleta karani mwingine. Atafungua mafaili. Atauliza hawa ba mama bote banatoka mu bijiji tatu, namna gani?" Akasogeza kizibo. "Uongo inaombaka mulinzi."

Basi akawa mlinzi. Hakuchukua likizo. Alipostaafu alirudi kila Jumatatu bila malipo, "kuonyesha kazi" kwa waliomrithi, nao walimwacha kwa sababu walikuwa wavivu. Watu wa kambi walisema mzee anashindwa kuachana na kiti. Wajane walijua sababu, wakanyamaza, wakamletea sombe ya majani ya muhogo na samaki wa barafu katika vibakuli. Alikula amesimama dirishani. Vibakuli alivirudisha vimeoshwa.

Mimi niliacha kazi, nikafungua kibanda cha fotokopi na intaneti karibu na soko. Huko ndiko habari ilikonikuta, kwamba wizara ya ulinzi inahamishia kila kitu mtandaoni. Kuomba kazi ya jeshi, vyeti, malalamiko, uthibitisho wa wajane, hata mfanyabiashara aliyekuwa akiilisha kambi maharagwe alitakiwa aombe zabuni kwenye tovuti. Alikuja kwangu na gunia la karatasi, ananiuliza maharagwe yanaingilia wapi kwenye kompyuta.

Wengi wangedhani Karani angeichukia mashine. Wapi! Alifurahi kuliko sisi wote. Mchwa walikuwa wamekula rafu nzima ya chini, na alikuwa amewaandikia wakubwa barua zisizohesabika kuhusu mchwa. Walipokuja vijana wawili kutoka mji mkuu na kompyuta zao na jenereta, walikuta hawawezi kusoma mwandiko wake, wakamwita amsomee mtu wa kuandika. Wakaniajiri mimi kuandika. Tukarudi chumba kile kile, yeye anatamka, mimi napiga. Alikuja na koti lake la ofisi. Aliishika kompyuta kwa kiganja, ubavuni, kama anapima homa ya mtoto. "Hii haichoke," aliniambia, "na haiogope mutu."

Tulipofika kwenye yale mafaili, nilisimamisha vidole. Wajane walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Nilimtazama. Hapo ndipo angeweza kusema ukweli: miaka imepita, watu wengi wamerudi, tunaoana tena, tunasali pamoja. Lakini kijana wa mji mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu na orodha mkononi, na aliuliza kwa Kifaransa, bila ubaya wowote, "Asili?" Karani akanyooka kwenye kiti. Akajibu Samukonda. Akajibu tena Samukonda. Yote kumi na moja aliyasoma kama yalivyoandikwa, na mimi, ambaye nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikayapiga yote. Hofu ilikuwa imelala tu. Tuliona orodha, ikaamka.

Wajane wenyewe walifanya vile vile. Mmoja wao, mama mzee asiyeona vizuri, aliulizwa jina la kijiji ili lilinganishwe. Akaunganisha mikono kama mtoto wa katekisimu, akaanza: kijiji yangu njo Samukonda, muto njo Kalenge, chifu alikufa, mutoto wa dada yake njo alikamata kiti, misheni iko mukono ya kuume. Kijana alimwambia inatosha, mama. Hakunyamaza. Alisema mpaka mwisho wa somo. Karani alitazama nje dirishani muda wote.

Baada ya hapo Karani aliona kazi imekwisha. Mafaili yamo kwenye mashine, hakuna karani wa kuyafungua. Akaenda kuishi Mutshatsha, kwenye uwanja wa wajomba zake.

Kosa letu lilionekana mwaka uliofuata. Kila mjane alitakiwa kuingia kwenye tovuti na kuweka kadi yake ya uchaguzi, mashine ilinganishe. Na kwenye kadi za uchaguzi, zilizotolewa wakati wa amani, wale mama walikuwa wametaja vijiji vya baba zao, Kasai. Walikaa kwenye foleni bila woga wakasema ukweli, kwa sababu aliyewauliza alikuwa mtu wa kura. Mashine ikalinganisha. Walikuja kibandani kwangu wote kumi na mmoja, nikawasomea jibu lile lile mara kumi na moja: utambulisho wa uongo, haki imesimamishwa, nyumba irudishwe baada ya siku thelathini.

Yule mama asiyeona vizuri aliniuliza, "Banatufukuza tena?"

Nilipiga simu mji mkuu mpaka sauti ikakauka. Niliwaambia ni mimi niliyezipiga zile kurasa. Mtu mmoja mpole akanijibu kwamba mpiga mashine hana sahihi. Aliyetia sahihi ndiye ajaze ushuhuda kwenye tovuti, akiri kwamba alibadilisha hati za serikali, na aeleze sababu. Akiwa mstaafu, jina lake litaondolewa kwenye orodha ya wastaafu. Nikauliza kama atafungwa. Akasema hilo si la idara yake.

Nikapanda pikipiki mpaka Mutshatsha, kompyuta nimeifunga mgongoni kwa kitenge. Vumbi lilinigeuza mwekundu mwili mzima. Nilimkuta analima viazi vitamu, amekonda, lakini suruali imenyooshwa. Chumba chake kilikuwa na kitanda, kiti, na ubao wa dama wenye vizibo katikati ya mchezo. Nilimweleza yote, sikumficha la kufutwa wala la kufungwa. Nilitegemea anyamaze, kwa desturi yake.

"Kufunga mzee wa miaka sabini na tisa," alisema. "Bakule hasara yao. Nitakula bukari yao, ugali ya bure, kila siku." Akaingia ndani, akatoka na koti la ofisi.

Mtandao Mutshatsha wanaupata nyuma ya misheni, chini ya ukuta wa mnara wa simu. Tulikaa juu ya matofali, jua limesimama utosini. Nilisoma swali, alijibu, niliandika. Ulibadilisha nini? Alitaja kila mjane kwa jina la mumewe, bila karatasi, na kwa kila jina aliinuka, akakaa, akainuka, mpaka nikamwomba abaki amesimama. Sababu? Alifikiri. "Andika: walikuwa wanaulizwa." Nikamwambia hawataelewa. Akasema basi na wao waulize.

Kisha tukafika mahali ambapo sikuwa nimepatazama kabla. Mashine ilitaka hali ya ndoa ya mtoa ushuhuda. Ilitoa majibu manne uchague moja: hajaoa, ameoa, ameachana, amefiwa.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena.

"Acha wazi."

Niliacha wazi, nikabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea, ushuhuda hauwezi kupokelewa. Nikabonyeza tena, kwa upumbavu tu. Wanawake kumi na mmoja walikuwa Kolwezi wamefunga sufuria zao katika vitenge, na mashine imekaa pale inangoja mzee aseme kama mkewe yuko hai.

"Sijue," alisema. "Nilishatumaka barua. Nilishatumaka mutu. Sijue kama yuko." Alisema polepole, si kwangu, na sauti ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia vile. Nikashika jiwe la ukuta. Miaka yote ile alisubiri wake za wengine waseme "Niko," na mimi nilikuwa pale napiga mashine, na sikuwahi kumwambia nina huruma naye. Nikamwambia pale. Alitikisa kichwa kama nimemwambia habari ya mvua.

"Andika ameoa," akasema.

Nikachagua. Kikafunguka kisanduku kingine: jina la mke, na mahali anapoishi sasa. Alitaja jina. Tangu siku ya kituo sikuwa nimelisikia kinywani mwake. Kisha akataja mahali: Mutshatsha, uwanja wa wajomba, nyumba ya pili baada ya misheni. Nyumba yake.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. "Tata, hii ni karatasi ya serikali."

"Minajua. Andika."

"Na bakipiga telefone? Bakiuliza mama iko wapi?"

Alifunga kifungo cha koti, akatazama barabara inayoshuka kuelekea stesheni.

"Bambie alienda ku soko. Anarudi."

Nikaandika. Nikabonyeza, ikapita. Wajane wote kumi na mmoja wako katika nyumba zao, na yeye alifutwa kwenye orodha ya wastaafu, kama walivyosema. Hadi leo hakuna aliyepiga simu kumuulizia mama.